Dedan Mwenda, Mwimbaji wa Kantri: Mwaka wa Kwanza Bila Wewe

Mwaka umetimia, Babu, tangu Jumanne ile ulipotuacha hapa Fort Worth, ukiwa na miaka sabini na minane. Nyanya alikuwa amekushika mkono, na sisi wengine tumejazana mlangoni mwa chumba cha hospitali.

Ulikuwa wa kwanza kuamka nyumbani. Ulimchemshia Nyanya chai ya maziwa kabla hajaenda kazini kutunza wazee, ambao wengine yeye aliwazidi umri. Kule ghalani ulikofanya kazi ulimsalimia kila mtu, kuanzia meneja hadi mfagiaji, na mgeni akibisha kwetu hukumuuliza ametoka wapi. Ulimuuliza kama amekula.

Lakini zaidi ya yote uliimba. Wewe na Nyanya, Mwenda na Gakii, mliimba muziki wa kantri kwa miaka arobaini na sita. Mlianzia kwenye hoteli za Meru na Nanyuki, Jumamosi mchana, maikrofoni moja kati yenu kwa sababu hoteli haikuwa na ya pili. Mlipokuja Texas kuishi nasi mkapewa maikrofoni mbili. Nyanya alikataa yake. Alisema akisimama mbali nawe hasikii unapovuta pumzi, na hapo ndipo yeye huanza.

Siku za Alhamisi mliimba katika mgahawa mmoja wa nyama choma. Mimi nilikaa meza ya nyuma na vitabu vyangu vya chuo, nikimwomba Mungu msinitambulishe. Mlinitambulisha kila Alhamisi. Siku moja mzee mmoja mwenyeji aliicheka kofia yako, akauliza Mwafrika anajua nini kuhusu kauboi. Ukamjibu kwenye maikrofoni, watu wote wakisikia: "Ndugu yangu, mimi nilianza kuchunga ng'ombe nikiwa na miaka sita. Wewe umechunga wangapi?"

Watu walipiga meza kwa vicheko. Nyanya akaongeza, "Na alikuwa akiwapoteza."

Mzee yule alirudi kila wiki. Siku ya mazishi yako alikuja pia, akasimama nyuma, peke yake.

Tukienda Missouri City, hapa hapa Texas, kumwona Shangazi Truphosa, mliimba tangu tukiwasha gari hadi mlangoni kwake, zaidi ya saa nne. Baba alikuwa akiwasihi: "Wazee wangu, tafadhali, mpumzike hata mpaka Huntsville tu."

"Endesha gari, Kirimi," ulimwambia. "Wewe ni dereva wa bendi."

Sasa, Babu, kuna jambo tunalotaka kulisema mbele ya watu, kwa sababu tulilikosea mbele ya watu.

Ulipofariki, kamati ya mazishi iliketi sebuleni kwetu kupanga kijitabu cha ibada. Mwenyekiti, Mzee Kigen wa kanisani kwetu, alisema kwa upole kabisa: "Tuandike baba, mzee wa kanisa, mfanyakazi mstaafu. Hii maneno ya kuimba kwa baa tuachane nayo. Kutakuwa na wageni."

Hakuna aliyembishia. Mimi ndiye niliyekuwa na kompyuta magotini. Nilifuta aya yote ya muziki. Picha yenu mkiwa jukwaani nikaiondoa, nikaweka ile ya pasipoti. Nyanya alikuwa chumbani amelala, na hatukumuuliza.

Alikisoma kijitabu pale kaburini, ukurasa kwa ukurasa, watu wakimsubiri. Kisha akamwuliza Baba, "Kirimi, huyu mliyemzika ni nani?"

Tangu siku hiyo hajaimba, hata jikoni.

Mwezi uliopita tuliomba ukumbi wa kanisa kwa ajili ya ibada ya mwaka. Mzee Kigen akatuambia tena: nyimbo za kitabuni tu, na gitaa lako libaki nyumbani. Mara hii Baba alisimama. "Asante, Mzee Kigen. Ukumbi tumewaachia."

"Usikasirike, Kirimi. Sisi tunalinda jina la mzee."

Nyanya ndiye aliyemjibu. "Jina hilo nimesimama nalo jukwaani miaka arobaini na sita. Halijawahi kuhitaji askari."

Basi na isomwe hapa na wote. Babu yetu Dedan Mwenda alikuwa mwimbaji wa kantri. Aliimba hotelini, baa, migahawani na harusini, na kila Jumapili alimshukuru Mungu kwa kazi hiyo akiwa benchi la tatu kutoka mbele. Hakuificha alipokuwa hai. Kuificha lilikuwa kosa letu. Mimi niliyefuta ndiye ninayeandika kumbukumbu hii, na safari hii sikumpa mtu yeyote aipitie kwanza, isipokuwa Nyanya. Hakubadilisha neno. Aliniambia tu niongeze kwamba ulikuwa mzuri kuliko wote waliokuja baada yako pale Nanyuki, na nimeongeza.

Ibada ni Jumamosi hii, saa nane mchana, uani kwa Shangazi Truphosa, Missouri City. Majirani wameshaambiwa kutakuwa na kelele. Mzee Kigen amealikwa, na kiti chake kipo mstari wa mbele.

Nyanya ataimba. Hatujui kama atafika mwisho wa wimbo. Asipofika tutasimama pale pamoja naye, na hakuna atakayemwambia akae.

Unakumbukwa na mkeo mpenzi Gakii. Wanao Kirimi na Truphosa. Mkaza mwanao Nyaboke. Wajukuu wako Kendi na Mutuma. Wenzako wa ghalani. Na wote waliowahi kukutunza kwa makofi, Meru, Nanyuki na Fort Worth.

Hatutakusahau kamwe, Babu, wala hatutaomba ruhusa ya kukukumbuka.