Leseni ya Faraji

Shoga, nimejifungia chooni hapa kazini nakuandikia. Tunu, mjane wa Faraji wetu wa mauzo, kaja ofisini Mwenge. Bado yuko eda, Farida. Yuko EDA na katoka nje!

Asubuhi tulikuwa tunalipia leseni za ule mfumo wa kompyuta wa kuwasiliana na wateja. Kila mfanyakazi anatakiwa awe na yake. Nikamwambia bosi, huyu Lulu mgeni tumnunulie. Si unamjua bosi Projestus, duka kalifungua enzi za ruksa, miaka ya tisini, programu moja ilikuwa inanakiliwa mtaa mzima kwa disketi. Akanijibu, "Ya Faraji si ipo? Yeye haitumii tena."

Haitumii tena! Kwa mdomo wake. Na mie nikampa Lulu paswedi ya marehemu.

Lulu akawatumia ujumbe wateja wote walioadimika. Tunu naye yumo, yeye na mumewe walinunua simtanki la maji kwetu. Na mfumo unajiwekea jina la mwenye akaunti. Sasa soma alichopokea: "Habari Tunu, ni mimi Faraji. Umekuwa kimya sana, kuna tatizo?"

Kuna tatizo! Mjane anaulizwa kuna tatizo!

Bosi anamwambia pole mama, ni mitambo tu. Tunu wala hamsikilizi. Anachouliza ni kimoja, mbona yeye kajibu halafu kimya?

Nikafungua akaunti ya Faraji. Jibu lipo, Lulu hakuliona:

"Nipo mume wangu, nyumba ile ile. Wewe uko wapi?"