Kidole cha Gundi

Jumapili, 18 Agosti

Ligi imeanza leo. Miaka sita langoni — leo benchi. Kocha hakuzunguka mbuyu. Kijana anaanza, wewe utampasha moto, basi. Kijana mwenyewe ana miaka ishirini na moja. Wanamwita Gundi, kwa sababu mpira ukishafika mikononi mwake haubanduki. Tumeshinda moja bila na ameokoa mbili za wazi. Nilipiga makofi kama wenzangu. Viganja tu, moyo haukuwemo.

Jumatano, 2 Oktoba

Mechi sita, hajafungwa hata goli moja. Anatoka langoni pale ambapo mimi ningebaki — na mpira anaupata! Hilo ndilo linaloniudhi. Angekuwa mbovu ningemhurumia.

Binti yangu, miaka saba, anataka jezi. Nikamwambia zangu zimejaa kabatini. Akasema hapana baba, yenye jina la Gundi. Mama yake akakimbilia jikoni. Najua alikwenda kucheka. Sikula.

Jumamosi, 14 Desemba

Tunaongoza ligi. Tunaongoza — mimi nimeongoza nini? Kabla ya kila mechi nampigia mashuti dakika ishirini, kisha namfunga tepu vidoleni kimoja kimoja. Ana mikono mizuri, mshenzi yule. Hata adabu anayo. Ananiita kaka, ananiwekea siti kwenye basi. Laiti angeniringia kidogo nipate sababu.

Nimeomba ateguke. Wiki tatu tu, sitaki zaidi. Haya, nimeandika. Dua la kuku halimpati mwewe.

Ijumaa, 7 Machi

Jana kafungwa, goli la kona. Leo siku nzima nimekuwa na furaha.

Alhamisi, 22 Mei

Jumapili tunamaliza ligi. Sare tu, tunachukua ubingwa.

Mazoezi yalikuwa yameisha. Kocha keshapuliza filimbi, Gundi keshavua glavu ya kulia. Nilikuwa na mpira mmoja miguuni, nikaupiga. Sijui kwa nini — muongo mimi, najua. Sijampigia shuti la nguvu zile tangu Agosti. Akaudaka kwa mkono mtupu, kwa mazoea. Kidole gumba kikarudi nyuma.

Hakupiga kelele. Alinifuata pembeni akasema kaka usijali, ni bahati mbaya tu, ila daktari wa timu asijue, atanitoa. Tepu unanifunga wewe kila siku, nani mwingine atakiona?

Mchawi mpe mwanao akulelee. Basi mimi nimekabidhiwa kidole.

Ijumaa, 23 Mei

Kimevimba, kimekuwa cheusi. Hawezi hata kufunga kamba za viatu, nimemfungia mimi.

Nikisema, nacheza mimi mechi ya ubingwa. Halafu wataniuliza nani alipiga mpira baada ya filimbi. Nikinyamaza, atasimama langoni na mkono mmoja. Atafungwa mbele ya uwanja mzima, na binti yangu akiangalia. Nilipofika hapo nikasikia raha. Raha kabisa! Kisha nikaona aibu, maana wenzangu wamelitolea jasho kombe hili tangu Agosti, nami nawaombea walikose.

Yeye anaona namtunzia siri. Amemwambia mke wangu kwenye simu kwamba hana ndugu kama mimi. Mke wangu kafurahi sana, anasema kumbe umekua.

Jumapili, 25 Mei

Chooni, chumba cha kubadilishia nguo. Nimekaa juu ya mfuniko. Bado nusu saa.

Nimemfunga tepu, mizunguko mitatu ya ziada. Uwanjani nikampigia mipira laini, yote upande wa mkono mzima, watu wasijue. Akaninong'oneza asante kaka. Nikaenda kuokota mipira.

Tuliporudi ndani kocha akanishika bega mbele ya timu nzima. "Mbona leo unampigia kama unambembeleza mtoto? Wewe ndiye unayemjua. Huyu mzima au si mzima?"

Gundi akanitazama, akatabasamu kidogo. Hana wasiwasi na mimi hata chembe. Nikasema kocha, nipe dakika moja, tumbo.

Nitasema ukweli. Kwa ajili ya timu. Hapana — kila nikiutafuta huo ukweli naukuta umevaa jezi yangu. Basi ninyamaze. Lakini nikinyamaza namnyamazia nani?

Kocha anagonga mlango. Anauliza, unasemaje?

Glavu ziko mapajani. Siyo zile za kumpashia Gundi, ni zangu za mechi. Golikipa huzilowesha akiwa anaingia kucheza. Zinachuruzika maji, suruali yote imelowa. Sikumbuki kufungua bomba.