Mama Anashika Usukani

3 Februari

Mwanangu mpendwa,

U hali gani huko vumbini? Natumaini kifua hakikusumbui, na hiyo greda yenu ya kuchongea barabara haijakutikisa mpaka ukasahau kula. Huku tu wazima. Mimi macho tu yanalalamika nikitunga uzi. Baba yako anaendelea. Mguu unakanyaga, mkono wa kulia bado mzito, na maneno hayajarudi, mwezi wa saba huu tangu kiharusi. Anasikia kila kitu, anacheka pa kucheka, lakini akifungua mdomo inatoka pumzi tupu, basi anageukia dirishani.

Sasa kaa chini. Umekaa? Nanunua gari.

Mara tatu kwa wiki nampeleka mazoezini, na madereva wa teksi wakituona siku hizi wanapita kama hawajatuona. Jumatano mmoja alisimama. Akamtazama baba yako anavyojivuta kuingia, akasema, "Mama, mzee ananichelewesha, nina abiria mwingine." Akaondoka na mlango uko wazi. Baba yako, aliyeendesha basi la wafanyakazi miaka thelathini na mmoja, akabaki ameshika hewa! Nilimtazama usoni, nikaamua palepale kando ya barabara.

Akiba yangu ya kushona sare inatosha gari lililotumika. Niambie basi: nitajuaje injini nzima na injini inayoumwa? Nidai karatasi zipi? Bima nikate ipi? Nijibu upesi, lori lenu la dizeli linalotubebea barua lisirudi mjini mikono mitupu, maana najua simu huko mnaitafutia kilimani.

Na kabla hujauliza, dereva ni mimi.

Mama yako

*

12 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi mzima kabisa. Baba nampa shikamoo ya pekee, mshike ule mkono wa kulia kwa niaba yangu. Barua yako nimeisoma nikiwa juu ya greda, nikapiga kelele mpaka wenzangu wakadhani nimeumwa na nyoka. Gari! Kwetu!

Nenda kuliona asubuhi, kabla mwenyewe hajaliwasha, ili ulisikie linavyowaka likiwa baridi. Likiwaka, tazama moshi. Wa buluu, linakula oili. Mweupe usiokwisha, maji yanaingia kwenye injini. Fungua mfuniko wa oili, na ukikuta utelezi kama uji wa maziwa, aga uende zako. Nenda na fundi uliyemtafuta wewe, si wa muuzaji. Kadi ya gari iwe na jina la huyohuyo anayekuuzia, na namba iliyogongwa kwenye bodi ilingane na ya kwenye kadi, herufi kwa herufi. Kisha pita ofisi ya usajili uulize kama halijawekwa rehani mahali.

Ila Mama, suala la kuendesha tuliache kwanza. Una miaka hamsini na nane, na magari ya mjini hayana huruma. Tafuteni dereva, au mnisubiri Desemba. Utajitafutia presha bure.

Mwanao mpasua barabara

*

20 Februari

Mwanangu,

Salamu. Sote wazima.

Barua yako nimepokea. Ukurasa wa kwanza nimeubandika ukutani juu ya cherehani. Ukurasa wa pili, ule wa presha, nimeufanya kielelezo cha kukatia kola ya mteja.

Shule ya udereva nimeanza Jumatatu.

Mama yako

*

1 Machi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, tena shikamoo. Nakusalimu nimepiga magoti, na huku kokoto ni kali.

Nimekukosea. Barua yako fupi imeniuma kuliko ungeandika kurasa kumi. Niliisoma mara tatu, nikakumbuka kwamba Baba alitufundisha kuendesha sisi watoto wote watatu kwenye ule uwanja wa nyuma ya karakana ya mabasi, mmoja baada ya mwingine, na wewe ulikuwa unatuletea maji ya kunywa. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukuambia, "Mama, sasa zamu yako." Hata mimi. Nisamehe.

Habari ya bima, basi. Bima ndogo inamlipa yule uliyemgonga tu, gari lako unalitazama mwenyewe. Wewe kata bima kubwa, walau mwaka wa kwanza, maana mwaka wa kwanza kila dereva anagonga kitu, hata mimi nilifyeka ua wa jirani. Soma fomu yote, hasa yale maandishi madogo ya mwishoni. Uliza wazi ajali ikitokea unatoa taarifa ndani ya siku ngapi, na sehemu gani ya matengenezo inabaki juu yako. Na jambo kubwa kuliko yote, jaza ukweli. Ukidanganya kwenye fomu, siku ya ajali wataisoma kwa miwani.

Mwalimu wako wa udereva anasemaje? Niambie kila kitu.

Mwanao, aliyejuta

*

19 Machi

Mwanangu wa pekee wa greda,

Marahaba, na msamaha umepata, inuka kwenye kokoto. Hatujambo, tena hatujambo kwa sauti!

Mwalimu wangu wa udereva ni mtu wa kuguna. Siku ya kwanza nilizima gari mara kumi na moja, akaguna mara kumi na moja. Siku ya nane nikamwambia, "Mwalimu, hii klachi ni kama pedali ya cherehani langu la zamani, ukiikurupusha inakata uzi." Nikaiachia taratibu kama ninaanza pindo la hariri, gari likaondoka kama mashua kwenye maji yaliyotulia. Hakuguna! Leseni nimeipata Ijumaa, kwa mtihani mmoja. Picha yake nimetoka nimekunja uso kama askari.

Gari la kwanza nililoenda kuona lilikuwa jekundu, linang'aa, limepakwa mafuta mpaka kwenye matairi. Nilifika saa moja asubuhi. Kabla ya salamu nikaweka kiganja kwenye boneti. Moto! Nikamuuliza muuzaji, "Baba, gari lako limelala na homa?" Akasema lilikuwa juani. Jua lenyewe halijapanda ukuta. Fundi wangu akafunga begi lake, tukaondoka muuzaji akiwa bado anatuitia bei mpya.

La pili ni la mkunga mmoja mstaafu. Rangi yake kama chai iliyozidi maziwa, si la kugeuza mtu shingo. Lakini mwanangu, huyo mama ana daftari! Kila oili aliyobadilisha, kila chujio, kila tairi, tarehe na kilomita, ameviandika kama uzito wa watoto wachanga. Injini ilikuwa baridi kama mtungi, ikawaka mara moja. Kadi jina lake, namba zimelingana, ofisi ya usajili wakasema safi. Nikatoa futi yangu ya kushonea, nikapima urefu wa kiti kutoka chini na upana wa mlango, maana nilikuwa nimempima baba yako nyumbani akiwa kwenye kiti chake, anapoweza kukaa na kuinuka bila kusaidiwa. Kiti cha gari kimezidi kipimo chake kwa vidole viwili tu. Mkunga akauliza, "Unanunua gari au unalishonea gauni?" Tukacheka mpaka akatupunguzia.

Wakala wa bima naye kanishauri nimwandike mwanangu kuwa ndiye dereva mkuu, eti fomu itapita kirahisi. Barua yako ilikuwa kwenye mkoba. Nikaandika: Dereva mkuu ni mimi, mshonaji, leseni ya siku nne. Bima kubwa.

Jambo moja tu linaniuma. Baba yako halipandi. Nimelileta mpaka mlangoni, nikamfungulia, akatazama kiti cha abiria, akatazama usukani, akarudi ndani. Mara mbili sasa. Simlaumu. Ila Jumatatu mazoezi yapo, na teksi siiti tena.

Mama yako, DEREVA

*

2 Aprili

Mama Dereva,

Shikamoo! Barua yako imesomwa kambi nzima. Mpishi wetu anataka ukamchagulie pikipiki. Mimi mzima, nimenenepa kwa furaha.

Sasa utunzaji. Kila wiki, likiwa limelala na mahali pamesawazika, pima oili na maji. Rejeta usiifungue ikiwa ya moto, hata mtu akikucheka kuwa mwoga. Matairi yapimwe upepo mara mbili kwa mwezi, na la akiba pia, watu hulisahau mpaka siku ya kulihitaji. Mkanda wa injini muulize fundi ulibadilishwa lini, mkunga atakuwa ameandika. Ukisikia breki zinalia, usiongeze sauti ya redio, nenda gereji. Na lile daftari liendelee, usilifunge.

Kuhusu Baba sijui niseme nini. Nadhani hakuogopi wewe. Nadhani anaogopa kile kiti. Usimwombe tena. Washa tu gari, ukae, usubiri.

Nijibu upesi.

Mwanao

*

10 Mei

Mama,

Shikamoo. Wiki ya sita hii. Lori la dizeli limekuja mara nne, na mara nne dereva wake amenionyesha viganja vitupu. Kilimani nimepanda kila Jumapili, simu yako inaita bila kupokewa. Kama kuna jambo na Baba, niambie hivyohivyo lilivyo. Kama kuna jambo na gari, gari ni bati. Nimeshamwomba msimamizi ruhusa, Jumamosi nisipopata neno nashuka.

Mwanao

*

9 Mei

Mwanangu,

Usiogope kwa kimya hiki. Naona nikuombe radhi kwanza, halafu nikupe habari, maana nikianza na habari nitasahau radhi. Simu ilianguka kwenye ndoo ya kulowekea vitambaa, ikafa. Na barua nilianza mara tatu, kila mara nikasema ngoja, kesho kutakuwa na zaidi. Wazima? Mwanangu, sisi zaidi ya wazima!

Nilifanya ulivyosema. Nikawasha gari, nikakaa. Baba yako alisimama kizingitini muda wa kushona mfuko mzima. Halafu akaja mwenyewe, akageuza kiuno, akaketi bila mkono wangu. Nikaangalia mbele ili asione uso wangu.

Wiki mbili za kwanza alishika kile kishikio cha juu ya mlango kwa mkono mzima, akafumba macho kutoka nyumbani mpaka mazoezini. Nikawa napita polepole hivi kwamba wenye baiskeli walikuwa wananisalimia.

Basi ilikuwa Ijumaa. Unaujua mlango wa kliniki ulivyo mlimani. Geti limefungwa, nimesimama nusu ya mteremko, mlinzi anatafuta funguo. Geti likafunguka, nikaachia breki kabla ya klachi kushika. Gari likaanza kurudi nyuma. Nikakanyaga kile, nikakanyaga hiki, kichwa kikawa kitupu kama bobini iliyoishiwa uzi. Ndipo nikasikia pembeni yangu:

"Breki ya mkono!"

Wazi! Kwa sauti ileile ya kuendeshea basi! Mkono wangu ukaivuta wenyewe, lakini tulikuwa tumeshaugonga mti uliokuwa nyuma yetu. Taa ya nyuma kwisha, bampa limeingia ndani.

Nilimgeukia. Alikuwa amenitolea macho, kama amesikia mtu mwingine akiongea. "Umesema nini?" nikamuuliza. "Breki," akasema. Kisha, taratibu, kama anapanda ngazi, "Ya. Mkono. Mama Watoto."

Mlinzi alikuja mbio na ugomvi wake tayari mdomoni, akakuta wazee wawili wamekumbatiana wanalia na kucheka, gari limekaa upande. Akasema, "Jamani, kuna aliyeumia?" Baba yako akamjibu, "Taa."

Bima nilitoa taarifa siku hiyohiyo, nikaandika ukweli kwamba nilirudi nyuma nikagonga, dereva mimi. Mkaguzi wao akafungua fomu ya kwanza, akasoma, akasema, "Kumbe uliandika leseni ya siku nne?" Akatikisa kichwa, akagonga mhuri. Sehemu ndogo nimebeba mimi, nyingine yote wao. Gari lilikaa gereji siku saba, na baba yako alikasirika siku zote hizo saba, maana nyumbani maneno yanamkimbia. Yanakuja akiwa garini tu!

Mtaalamu wa mazoezi anasema tumwachie hivyo, njia iliyozoea kupita ndiyo inafunguka kwanza. Kwa hiyo sasa tukitoka kliniki haturudi moja kwa moja. Tunazunguka. Mwanzoni ilikuwa "gia" na "kushoto" na "polepole". Juzi alisema, "Huyu wa mbele atasimama bila taa, mwache nafasi." Sentensi nzima, mwanangu! Na yule wa mbele akasimama bila taa!

Jana, tulipokata kona nyembamba, amekutaja. Alisema, "Mwanetu angefyeka ua."

Mama yako

*

17 Mei

Mama na Baba,

Shikamooni wote wawili.

Barua zetu zimepishana njiani, sikuhitaji kushuka. Ya kwenu nimeisomea kando ya barabara, peke yangu, greda nimeizima. Sikupiga kelele safari hii.

Baba, ua ulikuwa umekaa vibaya.

Mwanenu

*

22 Juni

Mwanangu

Mkono wa kushoto huu. Siku tatu naandika. Barua anaipeleka mtaalamu wa mazoezi, Mama hajui.

Mimi mzima. Oili napima mwenyewe. Daftari naandika mwenyewe.

Miaka yote niliangalia barabara. Sasa naangalia nje. Kumbe kuna bustani kule mtaa wa karakana. Miaka thelathini na mmoja, sikuiona.

Nilipaswa kumfundisha zamani. Nimemwambia. Garini.

Mama yako anaendesha vizuri. Vizuri kuliko wewe, vizuri kuliko wote niliowafundisha. Njia zote anazijua sasa, lakini bado ananiuliza pa kupita.

Usimwambie kwamba nimejua. Asije akaacha kuniuliza.

Baba