Tarehe Niliyomficha Mama

Katoomba, 11 Juni 2021

Mwanangu Lydie,

Salamu nyingi. Hujambo na tumbo? Mumeo Balthazar hajambo? Sisi huku milimani kwa kaka yako Bruno tu wazima, ila baridi itatumaliza. Nakuandikia kwa sababu simu hapa inawekwa sauti kubwa, nyumba nzima inachangia.

Jana imeanguka theluji. Majirani wanasema miaka mingi hawajaona kama hii. Watoto wa Bruno wameijaza kwenye sufuria yangu ya ugali, eti waitunze. Nimecheka, lakini situlii, nazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Ulisema utajifungua mwezi wa nane, basi nitashuka mwisho wa mwezi wa saba, nije nikukande kwa maji ya moto kama inavyopasa.

Mama yako,
Chibalonza

Fairfield, 20 Juni

Mama mpendwa,

Habari ya kifua? Sisi wazima kidogo. Balthazar anapiga zamu mbili ghalani, nyumba iko kimya.

Mama, shuka wiki hii. Theluji umeshaiona. Usiniulize sababu, niambie tu treni ya saa ngapi.

Mwanao,
Lydie

Katoomba, 30 Juni

Mwanangu,

Mko salama? Barua yako imenikuta tumeshafungiwa kwa ajili ya korona, jiji lote na huku milimani pia. Theluji imerudi mara ya tatu.

Bruno amekataa nisafiri. Anasema nina miaka sitini na tisa, nina pumu, sijachanjwa, na ugonjwa umejaa huko kwenu. Amenificha viatu, unasikia? Mimi niliyemzaa! Lakini tulia, bado mwezi mzima. Una haraka ya nini?

Mama yako

Fairfield, 9 Julai

Mama,

U mzima? Leo sina salamu ndefu. Nilikudanganya. Si mwezi wa nane, ni huu, tarehe kumi na tisa.

Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba tarehe ya tumbo haisemwi, wenye jicho baya wasije wakaingoja. Wa kwanza, kule kambini tulipokuwa wakimbizi, tarehe yake niliitaja kanisani kwa furaha, na tukamzika. Safari hii niliapa simwambii mtu, nikakuhesabu na wewe. Nilikuona ukifunga begi kwenda kuona theluji nikanyamaza, nikidhani utarudi baada ya wiki.

Nisamehe. Naogopa, mama.

Mwanao,
Lydie

Fairfield, 17 Julai

Lydie wangu,

Unaendeleaje huko? Nakuandikia jikoni kwako. Hospitali wanaruhusu mtu mmoja tu, basi Balthazar atakuletea karatasi hii.

Barua yako ilichukua siku saba. Niliisoma bafuni mara tatu. Nilikasirika sana, kisha nikaona aibu, maana na mimi nilimficha mama yangu tarehe yako, akafika umeshazaliwa. Hilo sikuwahi kukwambia.

Leo alfajiri nimevaa buti za Yvette, mke wa Bruno, nikatembea kwenye theluji hadi stesheni. Nikabadilisha treni Parramatta. Nafika hapa, jirani ananiambia mmeondoka saa mbili zilizopita na uchungu umeshashika. Nilikaa kwenye ngazi nikalia kama mtoto, mpaka Balthazar aliporudi kuchukua nguo zako.

Bruno anapiga simu, sipokei. Redio inasema kuanzia leo usiku mtu wa Fairfield asitoke. Wafunge. Sufuria zote zina maji.

Mama yako

Hospitali, 18 Julai

Mama,

Umelala? Umekula? Karatasi yako nimeisoma mpaka imelowa.

Tuko wazima, wote wawili. Ni msichana. Kule kambini nilirudi mikono mitupu, na hakuna aliyeniuliza narudi kwa nani. Leo muuguzi amekuja na fomu, akauliza nyumbani kuna nani wa kunisaidia. Nikasema mama yangu yupo. Akauliza atakaa siku ngapi.

Nikamwambia haruhusiwi kutoka.

Tunakuja kesho saa nne.

Ni mimi,
Mama Aksanti