Mama Mwanamvua, Uliyengojeshwa Mpaka Macho Yakafa

Mwaka umetimia, Mama, tangu tulipokulaza katika udongo wa kijiji chetu cha Masaki, kando ya mikorosho uliyoipanda mwenyewe. Nyumba haijazoea. Asubuhi bado tunatega sikio tukidhani utamwita Baba anywe chai kabla haijapoa.

Walio mbali huenda hawajui ulikuwa mtu wa namna gani. Ulilima muhogo, ukamsongea bada, ugali wa muhogo, jirani yeyote aliyefiwa au kujifungua, wala hukungoja kuombwa. Ukigombana na mtu asubuhi, jioni umeshampelekea kisamvu. Sisi wanao tulikasirika kwa niaba yako. Wewe ulisema hasira zinachosha.

Ukiwa tayari na wajukuu, ulijiunga na kisomo cha watu wazima. Baba alicheka kidogo. Ulijifunga kanga ukaenda, ukakaa mbele kabisa, na Mwalimu Telesphory akakufundisha kushika kalamu. Siku uliyoweza kuandika jina lako bila msaada, uliliandika kwa mkaa ukutani, mlangoni, hata kwenye pipa la maji. Tangu hapo hukutupa karatasi. Gazeti lililofungiwa chumvi dukani ulilinyoosha gotini ukatusomea taratibu, hata kama ni habari za zamani za bei ya pamba. Tulikuwa tunasinzia. Leo tungekusikiliza mpaka mwisho.

Kisha ukungu ukaingia machoni. Ulidhani ni moshi wa kuni. Salehe, mwanao anayefanya kazi Kibaha, akakuchukua ukae kwake, akakupeleka hospitali. Wakasema ni mtoto wa jicho, akipasuliwa mtu huona tena, ila hajaiva, urudi akiiva. Ulirudi Masaki na furaha, ukimwambia kila uliyekutana naye kwamba utasoma tena.

Aliiva, Mama. Ukawa unatutambua kwa sauti, na mlango unautafuta kwa kupapasa. Tukarudi hospitali juu ya lori la mkaa, kwa kuwa mabasi hayakuwa na mafuta. Daktari wa macho alikuwa amekwenda masomoni. Tukarudi tena: daktari yupo, nyuzi za kushonea hazipo. Safari nyingine maji yalikuwa yamekatika na chumba cha upasuaji kimefungwa. Wauguzi hawakuwa wabaya. Walikushika mkono, wakakutafutia nafasi kwenye benchi, wakasema, "Bibi, vumilia kidogo." Kila safari ulivaa kanga yako nzuri. Ulisema siku watakapokufungua bandeji hutaki kujikuta una nguo chakavu.

Miaka ikapita hivyo. Macho yakaanza kuuma, kichwa kikawa kinakugonga mpaka unatapika.

Safari ya mwisho kila kitu kilikuwepo. Daktari, kijana mpole, alikuamkia, ukaitikia, akakumulika jicho moja kisha la pili. Akazima tochi. Kisha alimwambia Salehe, si wewe, kwamba presha ya ndani ya macho imeua mishipa yake, na hata akipasua hutaona kitu.

"Mngemleta mapema," akasema.

Wewe ndiye uliyejibu. "Tulikuja, mwanangu. Mlituambia tungoje."

Akainamisha kichwa. Nasi hatukuwa na nguvu za kumlaumu.

Njiani hukuuliza tumefika wapi, ingawa siku zote uliuliza. Nyumbani ulikaa chumbani. Binti yako Mwanaasha alipojaribu kukusomea gazeti ulimwambia, "Acha, mama. Nimechoka." Ukawa unakula kidogo, halafu kidogo zaidi. Binti yako mwingine, Mwamvita, alipojifungua, tulikuwekea mtoto mapajani. Ulimpapasa uso, ukauliza anafanana na nani. Tukasema anafanana na wewe.

"Sijui tena nilivyo," ukasema.

Homa iliyokuchukua haikuwa kali, Mama. Tulikutafutia dawa, tukakukanda kwa maji. Hukupigana nayo.

Tungependa kukuambia kwamba mwaka huu tumepata faraja. Hatujapata. Baba hataki mtu akalie kigoda chako. Mdogo wako, Bi Biubwa, ameanza kulalamika kwamba taa zina ukungu na nyuso za watu hazitulii. Mwezi uliopita tulimpeleka hospitali. Ameambiwa mtoto wa jicho hajaiva, angoje.

Unakumbukwa na mumeo, Mzee Twalibu Jumbe. Wanao Salehe, Mwanaasha na Mwamvita. Mdogo wako Biubwa. Wakwe zako, wajukuu zako, pamoja na yule mdogo uliyemjua kwa vidole tu. Na wanakisomo wenzako wa Masaki.

Mwenyezi Mungu akurehemu. Hutatutoka moyoni, Mama, maadamu tunaishi.