Sauti Ipo, Picha Hakuna

Jumatatu, 4 Agosti

Nimemwogesha mama, nimempaka mafuta ya nazi. Uji kanywa nusu. Nyonga bado inamsumbua tangu alipoanguka bafuni. Kadi za mwaliko za watu wa Chumbageni nimemaliza kuchapa, bado kuzikata.

Baada ya adhuhuri nimejaribu tena kumwekea tamthilia aliyoigiza mwanangu Salma. Imeshindikana. Sauti ipo, picha hakuna. Cheusi tii.

Laptop yangu kioo chake kilipasuka mwaka jana, pasi ilikiangukia. Tangu hapo nimeiunganisha kwa waya na TV ya zamani ya marehemu mume wangu, kazi zangu zote nachapia hapo. Barua inaonekana. Picha za harusi za watu zinaonekana. Ila tamthilia hii ya kulipia, ambayo kwenye TV za kawaida haipo, ikianza tu TV inakuwa giza. Watu wanaongea gizani. Nimezima, nimewasha, nimepuliza waya. Wapi!

Simu yangu inaonesha. Lakini mama ana mtoto wa jicho, kioo cha simu kwake ni mwanga tu. Nimemsogezea mpaka puani. Kasema niondoe hicho kidude.

Mungu anipe subira maana yangu imekwisha.

Jumanne, 5 Agosti

Siku kumi tu. Hata hazifiki.

Salma, mwanangu wa pekee, anaolewa Alhamisi ya wiki ijayo. Jumatano inabidi asingwe, apakwe liwa, unga wa msandali, mwili mzima, na wa kumsinga ni bibi yake. Hakuna mwingine. Mama ni somo. Nusu ya wanawake wa Nguvumali kawafunda yeye kabla hawajaolewa, na mimi nimo. Yanayosemwa ndani ya chumba cha mwari hayatoki. Mama hajawahi kuyatamka hata kwa utani.

Sasa Mama Nasra, jirani wa nyumba ya tatu, kaja na umbea wake. Kamwambia mama kwamba Salma kaigiza mwari, na mambo ya chumba cha ndani yote yameanikwa mbele za wanaume. Mama kaapa. Hamsingi. Harusini hatii mguu. Radhi hatoi, mpaka aone kwa macho yake mwenyewe kuwa si kweli. Simu za Salma hapokei.

Mimi nimeona. Si kweli. Nimemwambia mama mara mia. Jibu lake moja: "Wewe ndiye uliyemzaa. Ungesema nini?"

Mama Nasra ana TV kubwa ya ukutani, inaonesha kila kitu. Kwake sikanyagi. Na mama hawezi kutembea.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeharibu. Nimeharibu kabisa.

Nilijiona mjanja. Nikamwambia mama, basi sikiliza, mimi nitakueleza kinachoonekana. TV nyeusi, sauti juu. Ikafika ile sehemu ya mwari. Ngoma, vigelegele, kungwi akaanza kuimba, wanawake wakacheka. Wimbo wenyewe wa kawaida, kila harusi unaimbwa uani. Lakini mama anajua kinachofuata baada ya wimbo ule. Kakifanya miaka na miaka. Wanawake kwenye tamthilia wakaanza kunong'ona, yeye kichwani mwake akajaza yote.

Mimi huku naropoka: mama, hapa kamera iko nje, mama, linaonekana pazia tu. Hakunisikia. Akageukia ukutani.

"Zima. Nimeshaona."

Umeona nini, mama, na kioo cheusi?! Nimemfokea mgonjwa. Astaghafirullah. Halafu nimekwenda jikoni nikalia, na si kwa huzuni, kwa hasira.

Ijumaa, 8 Agosti

Nanenane. Kumefungwa kila mahali. Nimempigia simu Fundi Mbwana, anayetengeneza laptop kule Ngamiani. Nilidhani ataniambia waya umekufa.

"Bi Mwanaidi, hiyo si mbovu. Hiyo imefungwa."

Kanieleza mara mbili ndipo nikaelewa. Wenye tamthilia wameikinga isinakiliwe. Picha ikitaka kutoka kwenye laptop kwenda kioo cha nje, inauliza kwanza kama kioo hicho kinaijua kufuli yake. TV ya marehemu haijui kufuli wala ufunguo. Basi picha inazuiwa, sauti inaachwa ipite. Dawa yake ni laptop ambayo kioo chake chenyewe ni kizima, picha ionekane hapo hapo bila waya.

Yaani nimelipia, jina langu, namba yangu, halafu nakingwa mimi! Nimnakilie nani? Niko na mgonjwa na kadi za watu, ndio mwizi wao huyo. Na kama wanazuia si wazuie vyote? Wangezuia na sauti, leo mama angekuwa bado hajakasirika hivi.

Nimemuuliza kuhusu kunibadilishia kioo. Cha aina yangu Tanga hakipo. Kinaagizwa. Wiki mbili.

Jumamosi, 9 Agosti

Laptop mbili leo. Zote bure.

Ya kwanza ya Eliza, rafiki yangu wa tangu shule, karani kwenye ofisi moja Raskazone. Kaniazima ya kazini mpaka saa kumi. Nimepanda bajaji nimeipakata mapajani, kila shimo nashika roho. Kioo kizima, kinang'aa, nikasema leo ndio leo. Nimeiwasha mbele ya mama. Yakatoka maandishi mekundu: kompyuta hii ni ya kazi, ukurasa huu hauruhusiwi. Mama hata hakugeuka. Nimeirudisha. Eliza kaona haya, akaomba radhi. Nimesema si kitu. Si kweli, nilikuwa nataka kuitupa baharini.

Ya pili Fundi Mbwana kanipa dukani kwake. Hii sasa kichekesho. Hata sauti haina. Inasema mfumo wake wa zamani mno, hauaminiki. Khaa! Kompyuta nazo zinaamini na kutoamini siku hizi.

Mama tangu juzi haongei nami. Maji. Choo. Basi.

Jumapili, 10 Agosti

Salma kapiga kutoka huko anakofanyia kazi ya kuigiza. Nimemwambia bibi anaendelea vizuri. Akauliza kama ameitazama. Nikasema bado.

Halafu akasema, "Mama, sasa nitasingwa na nani?"

Nimemwambia ale vizuri.

Jumatatu, 11 Agosti

Muheza. Fundi Mbwana kasikia kuna mwalimu wa sekondari anauza laptop yake, kioo kizima, mfumo mpya. Nimemwacha mama na mdogo wangu Hadija, nikaondoka na basi la asubuhi.

Mwalimu Yohana. Mshambaa wa Lushoto, mpole mpaka anakera. Mkewe anauza machungwa, tumekaa hapo hapo kibarazani kwao, magunia kulia na kushoto. Kaniamkia, shikamoo mama, habari za Tanga, habari za nyumbani. Akataka kunieleza laptop tangu siku aliyoinunua. Betri yake, mama, kwa kweli... Nimemkata kauli. Nimechoka kuelezwa mimi. Nikasema, "Mwalimu, samahani sana, iwashe nione."

Nikaingiza jina, nikaingiza namba ya siri. Nimekosea mara mbili. Kikaduara kikazunguka. Kikazunguka. Nikajisemea haya, cheusi hicho kinakuja.

Picha.

Salma wangu, uso mzima, mpaka kovu la kidevuni. Nimepiga kigelegele pale pale katikati ya machungwa. Wapita njia wamegeuka. Mke wa mwalimu kaacha wateja akaja kuchungulia.

Halafu sasa. Mwalimu kajikuna kichwa. Jana jioni kashampa neno mtu wa Korogwe, anakuja kuichukua Jumatano, na neno lake halirudishi nyuma. Nilitaka kumuuliza kwa nini kaniacha nipige kigelegele. Badala yake maneno yakanitoka yote, mama, nyonga, Mama Nasra, singo, radhi. Mbele ya watu na machungwa yao. Yeye ni Mlutheri, mambo ya somo hayajui. Lakini radhi ya bibi anaijua. Kaifunga laptop kwenye mfuko, akanipa mkononi. "Nenda nayo mama. Jumatano asubuhi iwe hapa." Hata kitambulisho hakuniomba.

Nimefika nyumbani magharibi. Mama kashalala, kanywa dawa. Kesho.

Jumanne, 12 Agosti

Umeme umekatika saa moja asubuhi.

Na betri imekufa. Bila umeme haiwaki hata sekunde. Ndicho alichotaka kunieleza pale nilipomkata. Ulimi wangu huu utaniua.

Saa tatu, hakuna. Saa sita, hakuna. Nimeswali adhuhuri akili iko kwenye taa. Salma kapiga yuko njiani, jioni anafikia kwa shangazi yake Chumbageni, nyumba ya harusi. Kaniuliza apitie hapa kwanza. Nimemwambia asipite. Mimi mama mzazi, namwambia mwanangu asije kwetu! Nimekaa sakafuni nikaitukana ile laptop, Hadija akanifungia mlango watu wasisikie.

Saa tisa na nusu umeme umerudi.

Nimeiweka kitandani, juu ya mto, shubiri moja kutoka usoni kwa mama. Kafumba macho. Nilishaona, anasema. Nikamwambia, na sikupunguza sauti, "Hukuona mama. Ulisikia. Leo tazama, halafu unilaani ukitaka."

Nikabonyeza.

Aliposikia sauti ya Salma kafumbua jicho moja. Halafu la pili. Salma anaonekana kaingia chumbani kajifunika kanga gubigubi. Wanawake wamo ndani. Kamera inamfuata. Anageuka, anaitazama, ananyoosha mkono mwenyewe anavuta pazia. Basi. Kinachobaki ni pazia na viatu vya watu mlangoni. Ngoma inapigwa, wimbo unaimbwa, vicheko, minong'ono, na muda wote ni pazia lile lile.

"Rudisha," kasema mama.

Nimerudisha. Rudisha tena. Mara ya tatu kaweka kidole kwenye kioo, juu ya ule mkono wa Salma, doa la mafuta likabaki. Nimengoja aseme.

Kaomba maji.

Maji! Nimezunguka wilaya mbili, nimelia mbele ya machungwa ya watu, naambiwa maji. Nimempa. Kanywa, kageukia ukutani. Nimemwambia Hadija kama ni hivyo basi, mie nimeshindwa.

Jumatano, 13 Agosti

Hadija kaondoka na basi la kwanza kuirudisha laptop Muheza. Nyumba kimya.

Saa mbili nimempelekea mama uji. Nikamkuta kakaa. Peke yake, miguu chini, kashika ukingo wa kitanda, jasho linamtoka. Kaniuliza liwa iko wapi. Nikasema ipo. Akasema imenunuliwa dukani hiyo, haifai, twanga nyingine. Na Salma anangoja nini huko Chumbageni, jua linapanda.

Nimetwanga. Mikono imeniuma.

Salma kaja saa nne. Kasimama mlangoni na baibui lake, hajui aingie au asiingie. Shikamoo bibi. Marahaba. Njoo, kaa hapa chini, lete mkono.

Habari ya tamthilia hawakuigusa. Mama kasema mtoto amekonda, huko alikokwenda hawapiki? Kamsinga mkono wa kulia taratibu, kuanzia begani. Wa kushoto akachoka katikati, vidole vikamkataa. Salma kamshika bibi yake kiwiko akakiinua, wakaendelea hivyo wote wawili. Mimi nimeshika bakuli.

Walipomaliza mama kajilaza. Kafumba macho. Nilidhani kasinzia.

"Mwanaidi. Kesho mnitafutie kiti cha kunibebea."

Nimesema ndiyo mama. Nimekwenda kumtolea kanga mpya sandukuni.