Nusu Iliyobaki Moyoni

Al Warqa, Alhamisi usiku

Na bila haya kabisa Francis ananiuliza mbona nimemsingizia!

Francis, mlinzi wa geti letu, alisoma seminari hadi wakamrudisha kwao. Tangu nije hapa Uarabuni kufanya kazi za ndani ananihubiria habari za padri mmoja wa zamani, Mhispania, mwanafalsafa. Watawa walimkataa mwanzoni wakimwona mzito wa akili, halafu akaja kuwa mwalimu wa Ulaya nzima. Eti alifundisha kwamba mtu akisema nusu kwa mdomo na kumalizia nusu moyoni, hajasema uongo.

Mama alipougua kule nyumbani nilimtuma Francis kwa madam, mwajiri wangu, aniombee ruhusa ya kwenda kumwona, maana yeye anajua Kiarabu. Akarudi akitabasamu. "Madam amesema utaenda, dada."

Nikafunga sanduku. Nikangoja, nikangoja, mpaka mama akazikwa.

"Sikukudanganya," akaniambia. "Moyoni nilimalizia: mkataba ukiisha. Sikutaka ulie."

Haya.

Leo msimamizi wake amekuja, akaniuliza kama Francis hulala kazini. Nikamjibu kwa adabu, "Sir, kila mchana namkuta kwenye kiti, kichwa chini, amefumba macho."

Khalas, kwisha kazi. Jioni Francis amepakia virago vyake kwenye gari la kampuni huku analia, rozari mkononi. Kesho wanamrudisha Kenya.

Ninachoogopa ni kwamba nitalala vizuri.

Tena sikusema uongo. Nilimalizia moyoni, kama padri wake alivyofundisha: anasali.